Harage Jeupe la Balozi

Rwegoshora wa Ihanda alikuwa mtu wa sheria, nakwambia, mpaka anakera. Alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu vita vya Kagera viishe, na hakuna siku aliyodanganya ofisini. Mbuzi wake mwenyewe alipoingia shamba la jirani, alijiandikia barua ya kujiita barazani, akafika kwa wakati, akajikaripia mbele ya watu. Mkewe Placidia alicheka hadi akakaa chini.

Mtu kama huyo aliingiaje kwenye mchezo wa kuigiza mezani? Ni kazi ya mwalimu Kokugonza. Chuoni alikosomea, mwalimu mmoja mgeni aliwafundisha: kila mchezaji anabuni mtu wake na kusema atafanya nini, dadu zinaamua kama ataweza, na msimulizi anaeleza kilichotokea. Kokugonza aliutafsiri mchezo wote kwenye daftari. Mwaka wa tisini na moja, kila Jumapili baada ya ibada, walikaa sebuleni kwake watu watatu: yeye msimulizi, Rwegoshora, na Theoneste, Mnyarwanda aliyelima pamoja na balozi kibanja kimoja cha migomba kwa miaka kumi na tatu.

Katikati ya meza palikuwa na ubao wa vyumba tisa. Kushoto kwenda kulia: sheria, katikati, asiyeshikika. Juu kwenda chini: mwema, katikati, mwovu. Kila mchezaji aliweka harage lake kwenye chumba cha tabia ya mtu wake. Theoneste alibuni mwizi mwenye huruma, akaweka harage jekundu kwa mwema asiyeshikika. Rwegoshora alibuni askari wa kiapo cha kutodanganya, ambaye upanga wake huwaka nuru maadamu amekishika; harage jeupe, mwema wa sheria. Angeweka wapi tena? Ila chumba cha chini kabisa, upande wake uleule wa sheria, kilimuudhi.

"Mwovu wa sheria? Waitu mwalimu, hicho kitu hakipo."

"Kipo, balozi. Ni yule anayeshika sheria barabara na kuwaumiza watu kwayo. Tena ukae ukijua, harage halikai unapotaka wewe. Linakwenda na matendo yako, na mimi ndiye ninayelisogeza."

Alhamisi moja ya Agosti agizo likashuka: kila balozi aandike kila mkazi asiye na kibali cha kuishi nchini, na watakaoandikwa wapandishwe lori hadi mpakani. Katika nyumba kumi za Rwegoshora mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu. Theoneste. Balozi aliitia karatasi ya majina mfukoni mwa koti ikiwa tupu. Hakumwambia Theoneste kitu.

Jumapili wakacheza kama kawaida. Kwenye hadithi, askari wa mkama, mfalme wa huko, walikuwa wakitafuta watoro, na mwizi wa Theoneste alikuwa amewaficha ghalani.

"Hakuna mtu humo, ni panya tu," Theoneste akasema, uso mkavu.

Kokugonza akamgeukia Rwegoshora. "Wanakuuliza wewe, mtu wa kiapo. Ni kweli?"

Rwegoshora alijikuna kichwa, akakohoa. "Askari wangu ananyamaza."

Askari wa mkama wakaenda zao. Kokugonza akalisogeza harage jeupe, likatoka kwenye sheria likaingia katikati. "Bado u mwema. Ila kiapo umekivunja, na upanga wako umezimika nuru."

"Sijasema uongo hata neno moja!" Rwegoshora alisimama, kiti kikaanguka. "Rudisha harage langu!"

"Kunyamaza nako ni tendo, balozi. Ulijua, na ulitaka waamini."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mwalimu alichoka, akalirudisha. "Haya, hilo hapo. Safari nyingine sirudishi."

"Mzee huyu!" Theoneste akacheka. "Angelia kwa ajili ya harage."

Jumatatu asubuhi Rwegoshora alifika ofisini na karatasi yake. Karani aliigeuza pande zote mbili.

"Kwako hakuna hata mmoja?"

Aliogopa, akaona na aibu. Umri wote ule hakuwahi kukwepa macho ya karani yeyote. Akaitazama kalenda ukutani. Karani alisubiri, akasubiri, kisha akagonga muhuri.

Jumapili iliyofuata Theoneste aliingia wa mwisho, amebeba mkungu wa ndizi wa mwalimu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

Rwegoshora akanyoosha mkono, akalisukuma harage jeupe kwa kidole chake mwenyewe mpaka katikati.

"Hatujaanza hata," Kokugonza akasema. "Hujafanya kitu."

"Liache hapo."

"Utakosa upanga."

"Najua."

Mwalimu alimtazama, akamtazama Theoneste, akaliacha.

Theoneste alipiga meza kwa kicheko. "Jamani! Juzi alitaka kutupiga kwa harage hilo, leo anautupa upanga bure!"

"Rusha dadu, Theoneste," Rwegoshora akasema. "Zamu yako."