Mjomba wa Mkude

Ahmadi alipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile ya ruksa ambapo viwanda vilikuwa vinauzwa na madukani kukijaa kila kitu, kiinua mgongo chake alinunulia televisheni ya mtumba na mashine ya gemu iliyotoka Dubai. Mkewe, Mwaisha, alikuwa ametaka cherehani. Alinuna siku kadhaa, kisha akafagia chumba cha mbele cha nyumba yao pale Kihonda, akapanga mabenchi, akaanza kupokea vijana wa kucheza.

Mashine ilikuja na gemu moja tu, na maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. TV nayo ilijaa chenga, kila kitu kikaonekana kama kimemwagiwa mchele. Katikati ya chenga hizo palikuwa na mtu mdogo kama punje ya hindi, anapanda mlima na kuingia mapangoni. Mara kwa mara aliinama. Nyuma yake kilimfuata kidoa chekundu. Kileleni kabisa kulikuwa na kidoa cheupe kimekaa juu ya kitu kama kiti. Anakwenda wapi na kwa nini, hakuna aliyejua, kwa hiyo vijana waligombana tu: nani kacheza sana, nani kamwua makusudi ili mwenzake asifike mbali.

Mwaisha alikaa mlangoni akikaanga kachori. Siku moja kelele zilimchosha, akasema bila kuinua macho kwenye karai, "Mwacheni huyo mtu apite. Anakwenda kwa mjomba wake."

Vijana wakamgeukia.

"Mjomba yupi?" akauliza Laurenti, kijana wa Mgeta aliyekuwa akishusha kabichi sokoni na kupitia pale kabla ya kurudi mlimani.

"Yule mweupe pale juu. Ndiye aliyekalia ardhi ya ukoo. Mkude anakwenda kuomba shamba la mama yake."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kwa Waluguru shamba hupitia upande wa mama na mgawaji ni mjomba, na wengi waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa na mjomba wa namna hiyo. Tangu siku ile punje ya hindi ikaitwa Mkude. Kidoa chekundu kikawa Veronika, mchumba wake, aliyekataa kubaki nyumbani. Popo wa mapangoni wakawa mashemeji wenye wivu. Na kule kuinama?

"Anaamkia," alisema Mwaisha. "Amelelewa vizuri huyu. Hapiti kaburi la mtu bila shikamoo."

Watu wakaanza kuja hata wasiojua gemu ni nini. Wanawake walitua matenga yao nje wakasimama mlangoni, hawana haja ya kucheza, wanataka kujua kama Veronika ana mimba. Mwaisha alipougua malaria, Ahmadi alijaribu kusimulia mwenyewe. "Anapanda," alisema. Baada ya muda akasema, "Bado anapanda." Chumba kikabaki kitupu.

Laurenti ndiye aliyelichukua jambo lile kwa uzito kuliko wote. Alikuwa amegombana na mjomba wake juu ya shamba la bondeni, wakafikia kutosalimiana. Alipomsikiliza Mkude vya kutosha alipanda kwao, akapiga magoti uani kwa mjomba, akatoa shikamoo, akakaa kimya. Alipoulizwa ana shida gani akasema hana, amekuja kusalimia tu. Akarudi tena hivyo hivyo, na tena. Mjomba alizoea kutukanwa. Adabu ile ilimtia hofu. Akampa shamba kabla hajaombwa.

Miaka ikapita. Watu wakanunua TV zao, mashine ikaungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na Mwaisha hatimaye akapata cherehani yake. Akawa Mama Pili fundi nguo, anayejulikana kwa sare za harusi kuliko kwa gemu.

Kisha siku moja akatokea Innocent, mmoja wa vijana wa mabenchi yale, ambaye sasa anatengeneza kompyuta Dar. Alibeba TV ya flati na mashine mpya ya gemu.

"Shikamoo Mama Pili. Nimekuletea Mkude."

"Marahaba. Mkude yupi?"

"Wa kwetu. Wamemtengeneza upya. Picha ni HD, na watu wake wanaongea."

Laurenti alikuwa ameshapigiwa simu. Alishuka na mfuko wa njegere na kitambi, akakaa mbele kabisa. Innocent akawasha.

Punje ya hindi ilikuwa mwanamume mzima, ana mashavu, ana jasho shingoni.

"Amenenepa," alisema Laurenti kwa furaha.

Mkude akatembea, akainama, akatia mkono kwenye kiota, akatoa yai, akalitumbukiza mfukoni.

"Anafanya nini?" aliuliza Laurenti.

Innocent akasoma Kiingereza kilichoandikwa chini. "Anaiba mayai. Ndiyo yanayompa nguvu."

"Kila akiinama?"

"Kila akiinama."

"Mimi nimempigia mjomba magoti kwa ajili ya mayai," alisema Laurenti.

Ndipo yule aliyemfuata Mkude nyuma akageuka. Alikuwa mzee amevaa joho jekundu, ndevu zinafika kitovuni.

"Huyo nani?" aliuliza Mwaisha.

"Wanasema ni mganga wake."

"Veronika yuko wapi?"

Innocent alikohoa. "Nadhani ndiye huyo, mama."

Ahmadi, aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka kama aliyelala, akafumbua jicho moja. "Na ile mimba?"

Laurenti alisema sauti izimwe, Mama Pili aanze upya kama zamani, na haya ya Kiingereza wayasahau. Mwaisha akamtazama yule mwanamume kwenye kioo, akaona hata kucha zake.

"Siwezi," alisema. "Zamani nilimsemea kwa sababu hakuwa na mdomo. Huyu anao. Nitamsingizia vipi mtu mwenye uso?"

Walikaa kwa huzuni kama waliopewa habari za msiba wa mbali. Kisha Mwaisha akafuta mikono kwenye khanga, akanyoosha kiganja.

"Lete hiyo pedi ya kuchezea. Miaka yote ile sikuwahi kuishika."

Alimtupa Mkude bondeni mara moja, akamtupa tena, kisha akampandisha hadi pangoni. Popo wakamla. Akaanza tena. Laurenti alimuaga, hakuitikiwa. Bibi harusi mmoja alikuja kupimwa gauni, akaambiwa akae.

Innocent alikusudia kuonyesha tu na kuondoka na vitu vyake. Muda wa basi ulipofika alimwangalia mama yule aliyekunja uso mbele ya popo, akaona haya kuvidai. Akachomoa chaji ya simu yake, akaaga.

Wiki iliyofuata simu yake iliita akiwa kazini.

"Mwanangu," alisema Mwaisha, bila hata kumjulia hali, "nimeshafika kileleni. Yule mweupe anaongea sana. Hebu niambie, anataka nini?"