Bia juu ya makala

Leo kwenye karamu bia imemwagika juu ya makala ya moto ya kuchomea nyama, na harufu yake imenirudisha kule kwetu Saio, wakati wa vita. Jirani yetu Mumarekani alikuwa ameishi Ujerumani. Kila dimanche, kisha misa, alichoma nyama akiimwagia bia, namna walimufundisha kule.

Siku ile alichoma mbuzi yangu. Mupiganaji aliyetunyang'anya ile mbuzi asubuhi ndiye alimuuzia, na sasa alikaa karibu yake, bunduki kwenye magoti. Muzungu hakujua kitu. Alituita mimi na mama kwenye lupango yake, pale uani, akanipa kipande.

"Kula, mutoto," mupiganaji akacheka. "Ao weye unaililia?"

Mama akaninongoneza: "Kula tu, usiseme."

Nilikula polepole, nikimuangalia mupiganaji uso wote, hata kovu ya kidevu, ili hata akizeeka nisikose kumutambua.