Siku Bi Zaina Alipotugombeza Tena

Kila nisikiapo fagio la chelewa likikwaruza mchanga asubuhi, hata likiwa la jirani asiyenijua, mgongo wangu hunyooka wenyewe nami huanza kujiuliza nimeacha nini uani. Hiyo ni kazi ya Bi Zaina. Alikuwa mwenye nyumba wetu kule Chang'ombe, na mimi na Mama tulipanga chumba kwake tangu sijaanza shule.

Msije mkadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kugomba tu. Alianza na fagio alfajiri, akaendelea mpaka jua linazama. Ndoo ikiachwa njiani, utasikia. Bomba likiachwa linadondoka, utasikia wewe na mtaa wa pili. Kaka Sefu, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa akichomelea mageti kwenye karakana moja ya jirani, naye alikuwa na redio kubwa na kichwa kigumu, hivyo fungu lake lilikuwa nono kuliko letu. Mama kwao ni Njombe, alizoea watu wanaosema polepole, na anasema miezi ya mwanzo alikuwa akilia chumbani. Baadaye alizoea, akawa anaitika "Abee, Bi Zaina" huku anaendelea kukuna nazi.

Kisha mwaka mmoja Bi Zaina akaanguka bafuni. Presha. Alilazwa, akarudi amekonda, miguu haina nguvu, na daktari akamvuta Mama pembeni kumwambia kwamba huyu bibi asikasirishwe kabisa.

Ugumu wake mnauona. Kumzuia Bi Zaina asikasirike ni kama kumzuia kuku asichakure. Lakini tulimpenda, jamani, na tulijitahidi. Sefu alizima redio. Ndoo zilipangwa ukutani zikapendeza. Sisi watoto tulinyata. Mama na wanawake wa jirani walitandika mkeka mlangoni pake, wakajitanda kanga, wakawa wanakaa naye kwa zamu wakinong'ona. Ili moshi usimsumbue, chakula cha nyumba nzima kikawa kinapikwa kwa jirani katika sufuria moja na kuletwa kwenye sinia. Nyumba ile haikuwahi kuwa na adabu kiasi kile.

Na Bi Zaina akazidi kunyong'onyea. Uji aliurudisha bila kuuonja. Alilala ameelekea ukutani, ukimsalimia anaitikia kwa pumzi. Nilimsikia Mama akimwambia Sefu kwamba kama hali chakula, hatufiki naye mbali. Niliogopa mno. Sikuwa na bibi mwingine hapa mjini, na huyu mmoja alikuwa anatuponyoka mbele ya macho yetu.

Alasiri moja nilitumwa kumpelekea kikombe cha uji. Nilikiweka kwenye kigoda, nikageuka kuondoka.

"Rehema," akaniita bila kugeuka. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Bibi."

"Usinidanganye. Redio imezimwa, wanawake wapo mkekani wamejitanda, chakula kinaliwa kwenye sinia. Mie nimezika watu wengi, mjukuu wangu. Matanga nayajua. Kama ni yangu, si mngesubiri kwanza?"

Nilitoka mbio nikamweleza Mama neno kwa neno. Mama akautazama mkeka. Akawatazama wanawake na kanga zao, akalitazama sinia. Akashika kichwa.

"Mungu wangu! Tumemkalia matanga mtu yu hai."

"Sasa daktari je?" Sefu akauliza.

Mama alifikiri. "Daktari hajawahi kuishi nyumba hii," akasema. "Washa redio."

Sefu akawasha, muziki ukatikisa bati. Mama akakunja mkeka, kisha akachukua kwa jirani jiko la mkaa linalowaka akaliweka katikati ya mlango wa uani, unaoonekana toka kitandani kwa Bi Zaina, mahali ambapo hakutaka kuona jiko hata la kuchezea watoto. Tukasimama kusubiri. Sefu alikuwa ameshika kitufe cha redio tayari kuizima, Mama ameuma pindo la kanga. Mimi nilisali sala zote nilizofundishwa kanisani, nikaongeza na dua nilizozisikia kwa jirani.

"Nani kaweka jiko mlangoni?"

Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Nasema nani kaweka jiko mlangoni? Mnataka kuniunguzia nyumba nikiwa ndani? Na wewe Sefu, hilo liredio! Masikio yako yamekufa? Mama Rehema! Nawe mtu mzima unawatazama tu!"

"Abee, Bi Zaina!" Mama aliitika, anacheka na machozi yanamtoka. "Shikamoo!"

"Shikamoo ya nini saa hizi? Toa jiko! Na uji wenyewe hauna sukari. Hivi mnamlisha nani maji?"

Mama alitia sukari. Bi Zaina akamaliza kikombe, akaagiza kingine, akasema uji wa hicho nao ni mzito mno. Sefu alikaa kizingitini akijifuta macho kwa shati, akasingizia moshi. Mimi nikagundua nina njaa kali, nikala ugali mpaka nikakemewa kwa kutafuna kwa sauti. Nilifurahi kukemewa.

Hakupona kabisa. Mguu mmoja uliendelea kuburuzika, na dawa alimeza mpaka mwisho wake, uliokuja nikiwa tayari sekondari. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile tulifurahi kwa sababu alikula. Leo nina nyumba yangu huku Pugu, ina ukuta na kimya cha kutosha, na humu ndimo nilimokuja kuelewa. Mtu anayejiona anakwenda hajali jiko limewekwa wapi. Bi Zaina alikasirika kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua kwamba kesho atakuwepo, na kwamba sisi sote tutakuwepo naye.