Bei Mbili za Castory

Castory wa Kasingirima hukoroga samadi ya ng'ombe kwa maji mpaka iwe kama uji, kisha akaimwagia michikichi ya watu. Bei yake ni elfu tatu kwa pipa, kukoroga na kumwaga. Lakini ukimkaribisha ndani kwako, mkala sinia moja, ni elfu mbili.

Kwa miaka sita hakuna aliyeitaka bei hiyo ya pili, na jambo hilo lilimchoma Castory kuliko jua. "Mawese mnayafurahia," alikuwa akifoka, "aliyeilisha michikichi mnamkimbia!"

Mwaka huu Bi Mwamini wa Ujiji, mama asiyekubali shilingi imponyoke, alikuwa na kazi ya mapipa kumi. Akaitaka elfu mbili.

Castory alipomaliza kumwaga, alikwenda ziwani akajisugua mpaka mche wa sabuni ukaisha, akavaa shati lake la kanisani. Aliporudi, akakuta jamvi limetandikwa uani, ubavuni mwa banda la mbuzi.

"Hapa ni nje, mama," akasema. "Elfu tatu."

Bi Mwamini akasonya, akalikunja jamvi na kwenda kulitandika sebuleni. Ukaletwa ugali na mgebuka, samaki wa ziwani, uliopikwa kwa mawese. Wakanawa, wakaketi. Mkono wa kulia wa Bi Mwamini ukamega tonge. Wa kushoto ukapanda taratibu, ukabana pua.

Castory akaacha kutafuna, akamtazama.

"Elfu mbili na mia tano."