Bwawa la Bwana Polepole na Mtu wa Udongo Mkavu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza nitakuomba unyamaze. Haya sikuyasikia kwa mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, nikiwa sijaonja hata tone la pombe, na mke wangu Elisa yuko hai, nenda kamuulize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mbelgiji bado yuko. Katika vilima kati ya Fizi na Baraka kulikuwa na Mzungu wa pamba tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu hakujua kungoja. Ziwa Tanganyika lilikuwa pale chini, kubwa la kumtosha kila mtu, ila lilikuwa na mamba, na wageni wake walipenda kurudi nyumbani na miguu yote miwili. Kwa hiyo, zamani kabla ya vita kubwa ya pili, aliletewa watu wa kazi ya lazima, wakaziba kijito kwa ukuta wa udongo, akapata bwawa la kuchezea. Kila Jumapili Wazungu walikuja na mabibi zao, wakaogelea, wakapiga makasia, wakala kuku chini ya miti.

Mimi nilikuwa sentineli wa bwawa hilo, yaani mlinzi wake. Nilifyeka majani ya ukutani, nikaosha mitumbwi, na kwa ile kofia yangu ya kaki, niamini, nilijiona mtu mkubwa kuliko shefu wa kijiji.

Kijiji kilikuwa chini ya ukuta, na nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama mkwe wangu, Mama Elisa. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akitokea njiani, wewe unaingia majanini. Ni heshima, si ugomvi, lakini sisi wawili tulikuwa tumeweza kuifanya heshima ile ikawa ugomvi pia.

Sababu ilikuwa maji. Ukuta ulikuwa umezeeka, na chini yake ulivuja maji kidogo, safi. Wanawake walikuwa wamechimba vidimbwi hapo vya kulowesha mihogo. Msimu ule wa mvua maji yakaongezeka, yakawa mekundu, mihogo ikatoka na rangi ya matofali. Bwana Polepole aliona tope, akaniambia anataka pawe pakavu, maana Jumapili angekuwa na wageni wakubwa. Nikaziba. Nilisindilia udongo wa mfinyanzi na majani ya migomba kwenye tundu, nikatwanga kwa mchi mpaka likakauka. Kesho yake nikakuta wanawake wamezibua. Nikaziba tena. Nikiwa nimejificha majanini nilimsikia mama mkwe akisema na kitunga chake cha mihogo, kwa sauti ya kunifikia vizuri.

"We kitunga, umuambie ule muntu wa kofia, maji iko nyekundu. Maji nyekundu iko inakula kitu huko ndani. Asizibe, aangalie."

Nami nikaujibu mti uliokuwa mbele yangu, "We muti, uniambie, nani iko sentineli hapa?"

Ijumaa ile, Elisa alikuwa na siku nne tangu amzae mtoto wetu wa kwanza. Kwa desturi alijifungulia kwa mama yake, kwa hiyo mtoto nilikuwa sijamwona, nilimsikia tu akilia nikiwa juu ya ukuta. Alasiri mvua ilinyesha ya kupofusha macho. Nikashuka kuangalia kazi yangu. Tundu lilikuwa limekauka vizuri, nikafurahi. Kisha nikaona mtu amesimama kando yake.

Alikuwa kifua wazi, jicho la kuume limefumba, kitunga kilichojaa udongo begani, namna watu wa kazi ya lazima walivyobeba zamani. Nikadhani ni mwizi wa samaki, nikaanza kuandaa maneno makali. Halafu nikatazama kile kitunga. Mvua inaangusha migomba, na udongo wake unatimka vumbi. Unanisikia? Vumbi, ndani ya mvua.

Tulikuwa mbali hatua kumi na midomo yake haikufunguka, lakini sauti ilisemea ndani ya sikio langu la kushoto, nayo ilikuwa ya baridi.

"Mukwe, unaziba kinywa, tumbo inajaa."

Nikamuuliza yeye ni nani hata aniite mkwe. Yeye akaendelea na yake.

"Iko muti ndani ya ukuta, mukubwa. Mbio ilikuwa mingi, hatukuuondoa, tukaufunika na udongo. Sasa umeoza, maji iko inapita mule mwote. Ukuta hautafika siku ya Mungu, Jumapili hii. Enda kwa mama mukwe wako. Umuambie wewe mwenyewe, uso kwa uso."

Akaweka kiganja ukutani. Pale alipogusa, na pembeni yake, na juu yake, maji yakaanza kutoka matone matone, mekundu. Nilipopepesa macho hakuwapo.

Nilikimbia. Njiani hapakuwa na mtu wa kumtuma, mvua ilikuwa imewafungia wote ndani. Nikasimama mbele ya mlango ambao sikuwa nimewahi kuusogelea, nikimsikia mwanangu anapiga chafya ndani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Aibu ilinichoma kuliko woga. Nikavua kofia, nikaingia, nikamtazama mama mkwe machoni.

Jirani aliyekuwa humo akajifunika uso. Mama Elisa hakujifunika. Alinikagua kama mbuzi wa mahari, akaniacha nieleze yote, hata lile vumbi.

"Jicho yake ya kuume ilikuwa namna gani?" akauliza.

"Imefumba, mama."

Akakaa chini. "Ule ni Wilondja, ndugu yangu. Udongo ilimufunika wakati banajenga. Tukaomba tumuchimbue, Bwana akakatala, akasema kazi itachelewa." Kisha akasimama. "Elisa, beba mutoto. Enda juu."

Kabla ugali haujaiva, kijiji kizima kilikuwa juu kilimani, wazee, mbuzi na sufuria. Hapo kwenye mvua ndipo nilipomwona mwanangu mara ya kwanza, msichana, amekunja uso kama bibi yake. Nilitaka kulia, lakini mama mkwe alikuwa tayari amekusanya wanawake wenye majembe. Na mimi, niliyeajiriwa kulilinda bwawa, ndiye niliyewaonyesha mahali pa kulitoboa.

Ubavuni, kwenye ardhi ngumu ya mawe, kulikuwa na mfereji wa kupunguzia maji. Nilikuwa nimeupigilia mbao kwa misumari mwenyewe, ili bwawa lijae, mitumbwi ielee vizuri. Nikazing'oa kwa shoka. Wanaume na wanawake tukauchimba mfereji uende chini, chini zaidi, na maji yakakimbilia bonde la pili lisilo na nyumba hata moja. Mama mkwe alichimba bega kwa bega nami, akinitukana kila nilipopumzika, na sasa hakuhitaji kitunga.

Jumamosi kulipopambazuka, ukuta ulikohoa mara moja, ukaanguka katikati. Maji yaliyobaki yalikuwa ya kufika magotini tu. Yakateremka kijijini, yakalowesha mafiga, yakambeba kuku mmoja mzembe, basi. Hakufa mtu. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikaisha, na mama mkwe akanishika mikono tukacheza mbele ya watu wote. Sijawahi kuwa na furaha kama ile asubuhi.

Kwenye pengo tulikuta njia ya ule mti uliooza, mtu angeweza kupita ameinama, na pembeni yake mifupa ya mwanaume. Jumapili Bwana Polepole akafika na wageni wake, wengine tayari wamevaa nguo za kuogelea, akakuta matope na mitumbwi imelala ubavu. Alitaja jela. Mama Elisa akamwonyesha pengo kwa kidole. Akaingia, akakaa humo kitambo, akatoka, akazitazama nyumba zilizo chini moja moja. Hakutaja jela tena, wala bwawa. Jumatatu tulimzika Wilondja juu kilimani, na mwaka uliofuata tukavuna maharage mahali Wazungu walipokuwa wakiogelea.

Tangu siku ile sikio langu la kushoto halisikii watu. Linasikia maji tu. Nikipita juu ya chemchemi nayasikia yakitembea chini ya ardhi, na watu wa Baraka walikuwa wakinichukua niwaonyeshe pa kuchimba visima. Sijakosea hata mara moja. Mke wangu anasema nakosea kila siku, lakini yeye hukaa upande wa kushoto.

Basi wewe unayelala chini ya maji yaliyofungwa na mtu mwingine, usitazame juu yanapong'aa. Nenda chini yanapotokea. Yakitoka safi, lowesha mihogo yako. Yakitoka na udongo, usiyazibe ili wageni wafurahi. Ondoa watoto kwanza. Ruhusa utaiomba ukiwa umeshafika kilimani.