Masikio na Mashine Iliyogoma Kuamka

Mpwa wangu tunamwita Masikio. Jina hilo nimempa mimi, kwa hiyo mkisikia mtu mwingine anajidai, mnitafute. Kazi yake ni kusikiliza. Mahakama inarekodi kesi, msajili anampa rekodi kwenye flashi, naye anakaa nyumbani na vipaza sauti vidogo masikioni, anaandika neno kwa neno: wakili kasema hivi, shahidi kajibu vile, hapa mtu kakohoa. Mwaka wa sita huu. Ukimsalimia asubuhi anakutazama kwanza mdomo, kama anatafuta pa kukurudisha nyuma akusikie upya.

Meza yake iko sebuleni, si kwa kupenda. Mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto ukaisha nguvu. Siku hizi anatembea kwa fimbo, bega likiambaa ukutani, lakini ameshaanguka mara mbili, hivyo haachwi mbali na macho. Mchana kutwa anakaa kwenye kiti chake karibu na ukuta, na binti anaandika hatua tatu kutoka kwake.

Kwa siku Masikio anainuka mara kumi na tano hivi. Maji, dawa, sufuria, mtu mlangoni, mama anataka kwenda chooni. Kila akiinuka anashusha kifuniko cha laptop, mashine inalala, akirudi anakiinua na kuendelea alipoachia. Miaka yote ilikuwa hivyo. Halafu, miezi miwili iliyopita, mashine ikaanza vituko. Anainua kifuniko, kioo kinapata mwanga, maandishi yanataka kutokea, mara giza. Imekufa. Abonyeze kitufe, asubiri dakika sita, maana ni mashine ya siku nyingi, kisha aanze kutafuta shahidi alikuwa wapi katika rekodi ya saa tatu.

Na haikuwa kila mara. Ingekuwa inakufa kila mara angeizoea, kama alivyozoea mengine. Hii ingeamka vizuri mara nne mfululizo, ya tano ikamfia mkononi. Siku moja ilikufa na faili zima, kurasa arobaini ambazo hazikufunguka tena. Hakulia. Alivua sandali, akakaa amezitazama, halafu akaanza ukurasa wa kwanza.

Kazi ikachelewa mara mbili. Msajili hakumgombeza, alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba ikichelewa ya tatu, rekodi zitakwenda kwa kampuni yenye ofisi na mashine tano. Ya tatu ilikuwa kesi ya mirathi, ndugu saba wanaongea kwa pamoja, na ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana.

Hakuniita, lakini nilikwenda. Mimi nimefungua redio kabla mafundi wa siku hizi hawajazaliwa, na nyingi kati ya hizo nilizifunga. Nilimwambia ni vumbi. Nikaifungua laptop kwa kisu cha jikoni, nikapuliza kwa mapafu yangu yote, nikairudishia. Ilibaki skrubu moja, nikaitia mfukoni nisimtie mtoto wasiwasi. Mashine ikaamka mara mbili safi kabisa, nami nikawa nimeshamtangazia jirani. Ya tatu ikafa. Masikio akanitazama kwa yale macho yake mekundu, akasema, "Ahsante, Mjomba," kwa sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu.

Ndipo akaipeleka kwa Bisibisi, fundi mwenye kibanda nyuma ya stesheni. Bisibisi haongei sana, tabia mbaya kwa fundi, maana mteja hajui kama analipia akili au ukimya. Alibadilisha memori. Alifuta programu inayoendesha kioo, akaweka mpya. Akakaa nayo siku mbili, akaifunga na kuifungua mara thelathini, na mara thelathini ikaamka. Ikarudi nyumbani. Mchana uleule ikafa.

Alipoipokea tena aliikagua akakosa kasoro. Hapo akafanya jambo moja la maana ambalo, nakiri, hata mimi nilikuwa karibu kulifikiria. Alimwambia Masikio aandike kwenye daftari kila anapoifungua: saa ngapi, alikuwa wapi, imeamka au imekufa. Kumwambia yule binti aandike ni kumwambia samaki aogelee. Kwa siku tatu akaandika: saa nne na dakika kumi, nilikuwa jikoni, imekufa. Saa tano kasorobo, chooni na mama, imeamka. Saa sita, jikoni, imeamka. Saa saba na robo, mlangoni, imekufa.

Bisibisi akalisoma daftari lile mara mbili, kidole kikishuka na mistari. Binti akiondoka pamoja na mama yake, mashine huamka siku zote. Akiondoka peke yake, mara iamke, mara ife. Akainua uso akaniangalia mimi.

"Mjomba," akasema, "wewe huwa unakuwepo?"

Nilikasirika kwelikweli. Nikamwambia aje Jumatano akae na macho yake aone kama nina mkono humo.

Akaja. Tukakaa kwenye benchi, mimi na yeye, tumekunja mikono kama watu wa msibani. Masikio akashusha kifuniko akaenda jikoni kugeuza sufuria. Dada alikuwa kitini pake, anatazama dirishani. Akaishusha fimbo yake, ile ncha ya mpira ikapapasa nyuma ya kiti, ikaikuta swichi ya soketi inayoilisha laptop, ikaibonyeza. Hakugeuka hata kidogo, kama mtu anayejikuna mgongo.

Kwetu sisi umeme hauachwi ukimtumikia mtu asiyekuwepo. Baba alikuwa akizunguka nyumba nzima anazima, na dada aliirithi tabia hiyo kabla mimi sijajua kuandika jina langu, jambo ambalo, tusiulizane, lilichukua muda. Bisibisi akanishika goti. Masikio akarudi, akakaa. Fimbo nayo ikaanza kupapasa ili imwashie, ikakosa, ikapapasa tena. Kifuniko kikainuka, kioo kikapata mwanga, giza. Fimbo ikaipata swichi, lakini imechelewa kwa kufumba na kufumbua. Masikio akafunika macho kwa viganja, kisha akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza kuwaka polepole, maana umeme ulikuwa umesharudi.

"Pole, mwanangu," dada akamwambia. "Hiyo mashine inakuchosha."

Tulimfuata Masikio jikoni. Bisibisi akaeleza kwa sauti ya chini. Betri imezeeka, imebakiwa na pumzi ya kulinda mashine iliyolala, ya kuinyanyua haina. Umeme ukiwepo ukutani inaamka, usipokuwepo inazimia. Kibandani kwake swichi hazizimwi, ndiyo maana hakuiona. Na betri ya aina ile mpaka iagizwe, wiki tano. Nilicheka, nikagundua nacheka peke yangu. Nikasema basi, mambo yamekwisha, nakwenda kumwambia dada sasa hivi aache swichi ya watu.

"Usimwambie, Mjomba," Masikio akasema.

"Si swichi tu?"

"Kila siku ananiuliza leo amenisaidia nini. Juzi nilikosa la kumjibu, akajijibu mwenyewe. Akasema, angalau umeme wako nimeuangalia." Alikuwa anafuta mwiko uleule uliokwisha kukauka. "Sasa nimwambie ndio ulioniharibia?"

Bisibisi akatafuta njia. Kuihamisha meza? Soketi nyingine iko chumbani, na kutoka chumbani mama haonekani. Kuigandisha swichi kwa gundi? Dada angeniita niitengeneze, na mimi ningeitengeneza, ndivyo nilivyoumbwa. Kungoja fimbo iipate swichi ndipo ainue kifuniko, nako dada angeuliza anangoja nini. Kumwomba aiache tu, bila sababu? Dada si mjinga. Ukimpa nusu ya neno ataitafuta nusu ya pili mpaka aipate.

Masikio akachagua njia ndefu. Akiondoka na mama yake, anashusha kifuniko tu, kwa kuwa fimbo inaondoka nao. Akiondoka peke yake, anahifadhi kazi, anaizima mashine kabisa, akirudi anaiwasha na kusubiri dakika sita. Kutoka Jumatano ile mchana hadi Ijumaa saa sita, alikuwa bado na saa tisa za rekodi ya ndugu saba wanaozibana midomo. Mimi hesabu si ugonjwa wangu, lakini niliona haiingii.

Basi nikachukua jiko, asiinuke mara nyingi. Sijidai, ila mboga zilishika chini siku zote mbili, na wote walikula bila neno, jambo linaloonyesha malezi mema. Niliteka maji. Nilifungua mlango na kuwaambia wageni kwamba mwenye nyumba hayupo, huku wanamwona nyuma ya bega langu. Yeye akawa anakula amesimama, jicho likiganda kwenye kioo kinachowaka taratibu, mgongo ukiinama kidogo zaidi kila saa. Mara mbili nilimsikia akimwambia shahidi wa kwenye rekodi, "Rudia, baba, nimechoka."

Ijumaa saa nne na nusu alitoa flashi, akavaa viatu, akatoka bila kuchana nywele. Mimi nikabaki na dada.

"Mashine yake imepona," dada akasema. "Siku mbili haijamfia. Ni wewe umeitengeneza?"

Nikamtazama, yeye na mkono wake ule mmoja juu ya fimbo.

"Nani mwingine?" nikasema.

Akacheka kwa nusu ya uso inayocheka, akasema baba asingeamini. Nikakubali kwamba baba asingeamini.

Masikio alirudi saa nane, viatu mkononi. Akakaa kwenye benchi, si kwenye meza. Mama yake akamuuliza kama wamepokea. Wamepokea, akasema, zikiwa zimebaki dakika ishirini. Msajili akazifungua kurasa zote mbele yake, akakuta zimekamilika, akampa kesi nyingine papo hapo, kubwa kuliko hii.

"Wiki mbili?" nikamuuliza, maana ndiyo desturi yao.

"Alisema mbili. Nikamwambia nne." Aliyasema hayo akiwa amefumba macho. "Akaandika nne."

Miaka sita hajawahi kumwomba mtu yule amwongezee hata siku moja. Nilitaka kutoa hotuba, lakini alikuwa ameshainuka, ameniwekea flashi ya ile kesi mpya kiganjani, anakwenda kumchotea mama yake maji ya kuoga. Kutoka huko ndani akaniambia nisiifungue.