Mgeni Aliyeipima Nakwa kwa Macho

Nakwa tulishazoea wageni. Mji wa Babati ulikuwa umetufuata hadi mlangoni; mashamba ya mahindi yaligeuka viwanja, nyumba za bati la rangi zikasimama, na waliohamia kutoka Mbulu, Kondoa na Singida wakawa wengi kuliko sisi tuliozaliwa pale. Zamani mama alijua moshi huu ni wa nani na ule wa nani. Sasa hata jirani tuliyepakana naye ukuta alikuwa anamsalimia tu, bila kumjua.

Lakini mzee yule mwenye kofia ya pama hakuwa kama wengine. Alishuka kwenye bajaji, akautazama mlima Kwaraa, akageuka kulitazama ziwa, akatembea kidogo, akasimama tena. Kesho yake akarudi.

"Mpimaji wa halmashauri huja na vijana na vyuma vyake," mama aliniambia. "Huyu anapima kwa macho. Ni dalali."

Safari iliyofuata alisimama kwenye uzio wetu wa minyaa. Nikatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa hapakuwa na njia ya ng'ombe kushuka ziwani?"

"Sijui," nilimjibu, na njia hiyo niliipita utoto wangu wote.

"Mnaishi wangapi hapa?"

"Tunatosha!" mama akajibu kutoka jikoni.

Jioni hiyo mama alimwita baba mdogo, na mzee aliporudi tena, baba mdogo akambana pale pale njiani: anataka nini? Mzee akavua kofia. Alisema alizaliwa hapa. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, wakamzika hapa, kisha mama yake akahamia Kiteto na watoto. Kabla ya kufa, mama yake alimwelekeza kaburi lilipo: Kwaraa iwe mgongoni, ziwa mbele, kando ya njia ya ng'ombe.

"Sikujua kama pamejaa watu hivi," alisema.

Nyuma ya banda letu, chini ya migomba, kulikuwa na mawe ambayo tulikatazwa kuyachezea tangu utotoni. Marehemu baba alikinunua kiwanja kikiwa na mawe hayo.

Baba mdogo alimvuta mama pembeni. "Shemeji, kaburi ni hati. Leo ataomba kusali, kesho atakuja na wakili."

Mama mwenyewe akamwongoza mzee hadi migombani. Mzee alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono, akalia bila sauti. Alipoinuka aliomba kulijengea kaburi kwa saruji.

"Saruji hapana," mama alisema. "Kuja kusafisha, njoo. Hatutakuzuia."

Mzee alikubali papo hapo. Baba mdogo hakupenda alivyokubali upesi.

Tangu hapo huja kila baada ya mavuno. Mama humpikia makande, humkaribisha kivulini, huzungumza naye kama ndugu. Mimi, wakati anakula, huzunguka kiwanja kuangalia kama bikoni, zile alama za mpaka, zipo mahali pake. Mama hajawahi kunituma, wala hajawahi kuniuliza ninakwenda wapi.

Mwaka huu mzee alikuja na binti yake, mtu mzima, mpole, mwenye adabu. Alilipiga picha kaburi kwa simu yake. Halafu akarudi nyuma kidogo, akaipiga na nyumba yetu.

Mama alinisogelea. "Kaburi naelewa," alininong'oneza. "Nyumba ya nini?"